Simu Yenye Haikulia

Bamama na batata, ile mangaribi shimo ya tata Gaspard ilianguka, dada yangu Ngoie alikuwa anasonga bukari. Simu yake aliiweka pembeni ya mbabula, jiko ya makala, sauti ameipandisha mpaka mwisho. Mi nikashuka ku pikipiki na huu muguu yangu mubovu, nikamukuta anafunika sahani ya bwana yake. Sijafungua kinywa, mi kaka yake mukubwa, yeye njo alianza:

"Yaya, usiniangalie vile. Simu haijalia."

Na bwana yake, Kasongo, alikuwa chini ya udongo.

Najua desturi ya hiki kikundi chetu. Tunatoa ushuhuda, hatutaji mutu. Tunasema "fulani," tunasema "ndugu mumoja." Muchungaji, unisamehe mapema. Mi leo nitataja, juu hao bafulani biko hapa ndani, na mumoja amekaa karibu na mulango.

Lakini nirudi nyuma kidogo, mupate kuelewa ile simu.

Bote munajua mi nilikuwa mucreuseur, mutu wa kuchimba madini na mikono. Masomo yangu iliishia mwaka ya ine ya primaire. Huu muguu ulivunjika siku shimo ingine ilinifunika. Nilikaa chini muchana muzima, mpaka asubuhi ingine. Bibi yangu alifikiri nilienda Kisenge kutafuta kazi. Benzangu balifikiri nilirudi nyumbani. Bandugu, nawaambia kitu yenye sijawahi kusema: haikuwa giza njo iliniumiza, wala muguu. Ni kujua kama kule juu hakuna mutu ananitafuta.

Muguu ulipopona vibaya, sikuweza tena kushuka. Nikaanza kukaa bure. Hapa paroisse, ku kanisa yetu ya Dilala, mama Kapinga alikuwa anafundisha ordinateur, ile kompyuta. Nilienda mara ya kwanza juu ya kupata kivuli tu, siwadanganye. Akaniuliza, "Tata Ilunga, unataka kujifunza nini?" Nikamujibu kwa hasira, "Unifundishe kitu yenye itajua mutu iko chini."

Hakucheka. Akafikiri, akaniuliza tu, "Bacreuseur biko na simu?"

"Biko nayo. Makuta ya kupiga njo hawana. Banabipa tu, inalia mara moja, banakata."

"Basi bip inatosha."

Njo vile ilianza. Mutu anafika ku shimo, anabipa namba yetu. Akipanda mangaribi, anabipa tena. Kama bip ya pili haikukuya, mashine inapigia bibi yake, na sauti inasema: "Mama, bwana yako hajapanda." Ile sauti ilikuwa ya Ngoie. Tulimurekodi hapa mu salle, mu hii chumba, akacheka mpaka tukarudilia mara mingi.

Sasa, mashine yenyewe iko wapi? Ordinateur za paroisse zilikuwa zinazimika kila umeme ukienda, na munajua umeme wetu. Mama Kapinga akasema tuiweke mu wingu. Mi nikaangalia juu. "Mama, kwa Mungu?"

"Hapana, tata. Kuko nyumba kubwa ya baridi mu inchi ya mbali, imejaa mashine. Tunakodi kipande. Tunaita wingu juu hauioni."

"Na mi nitaifanyisha kazi namna gani, nikiwa Kolwezi?"

Akachukua simu yangu, hii yenye kioo cha kupasuka, akaiunga na clavier ya zamani, kibao ya kuandikia. Akanionyesha namna ya kutengeneza bitu mbili zenye zinaenda pamoja: kufuli na ufunguo. Kufuli tunaituma kule, ufunguo unabaki mu simu yangu. Nikaandika amri, nikangoja. Kule mbali mulango ukafunguka, mashine ikanijibu, ikaandika jina yenye nilikuwa nimeipatia.

Halafu rezo, mutandao ya simu, ikakatika. Nilipiga kelele sawa mutu amemwaga maji ya mutungi. Mama Kapinga akasema, "Ngoja. Kazi yako haiko mu simu. Iko kule, wazi, inakungoja." Rezo ikarudi, nikaingia, nikakuta kila neno palepale niliacha. Bandugu, mi mutu wa muguu mubovu, nilitoka inje nikalia. Nilikuwa nimeona kitu yenye haianguki wakati weye umeanguka.

Sasa tufike kwa tata Gaspard.

Ile compte, akaunti ya wingu, inaomba carte ya banki. Nani kati yetu alikuwa nayo? Tata Gaspard. Yeye njo mwenye shimo, bosi wetu, tunamuita PDG, yeye njo anatupatia unga mpaka mali ya shimo itoke. Na mu shimo munajua namna tunafanya: chepeo ya kuchimba, kamba, pompe ya maji, vyote vinalala kwa PDG, vyote vinaitwa vyake, hata kama weye njo ulinunua. Hakuna mwenye anauliza. Basi na mashine ya wingu tulifanya vilevile. Jina yake, carte yake, simu yake njo inapokea code ya kuingia. Mama Kapinga peke yake alisema, "Tata, mwenye compte anaweza kufuta nyumba yote, na bafunguo zetu hazitafungua kitu." Tukamwambia, mama, weye hujui mambo ya shimo. PDG ni PDG.

Mvua ikakuya. Kushuka mu mashimo ikakatazwa, tangazo likabandikwa. Tata Gaspard akaendelea kushusha batu kwa kujificha. Mangaribi moja bacreuseur balichelewa chini, mashine ikapigia bibi zao. Bamama bakatoka na bitenge kiunoni, bakafika ku shimo na makelele mpaka kila mutu akajua Gaspard anashusha batu mu mvua. Bale bwana balipanda bazima. Lakini PDG alikuwa amepata haya.

Akaizima mashine. Akaifuta, yote. Akamwambia Fidèle, secrétaire wa komite ya shimo, "Funga mudomo." Na Fidèle akaufunga. Weye Fidèle, usiangalie chini, bado sijamaliza.

Mi nilijaribu kuingia, mulango haukufunguka. Nikasema ni rezo. Mu Kolwezi, kila kitu kikikatala tunasema ni rezo.

Bacreuseur baliendelea kubipa. Namba ilikuwa inaita, lakini nyuma yake hakukuwa mutu, hakukuwa mashine. Na mangaribi bamama baliweka simu pembeni ya mbabula, banasikiliza kimya, na kimya kilikuwa kinabaambia bwana zao bamepanda.

Siku shimo ilianguka, tata Gaspard alisimama pale juu akasema, "Batu bangu bote balipanda." Basi batu bakaenda kuchimba upande ya shimo ingine, yenye ilianguka pamoja na yake. Ngoie hakupiga kelele, juu simu yake haikulia. Hakuna mwenye aliita jina ya Kasongo mpaka mimi nilifika. Tulimutoa kesho yake, amekufa. Muganga alisema alikuwa ameishi masaa mingi kule chini.

Maziko ilipomalizika, Fidèle akanieleza ile siri. Nikaenda kwa Gaspard. Akanijibu, na bashahidi biko: "Ile kitu ilikuwa yangu. Carte yangu, jina yangu. Mutu akizima taa mu nyumba yake, anaomba ruhusa kwa nani?"

Mi nikaanguka. Nikakunywa lutuku, ile pombe kali, nikakaa Kasaji kwa mujomba, sitaki kuona clavier, sitaki kusikia simu. Kila simu ikilia mu jirani, nilikuwa nasema: hii yafaa nini sasa.

Mwenye alinirudisha ni Ngoie. Alikuya mpaka Kasaji mu nguo nyeusi. Hakunisalimia. Akaweka simu yangu mbele yangu.

"Yaya, washa ile kitu."

"Ngoie, Kasongo amekufa."

"Nani anakuambia juu ya Kasongo? Bangine banashuka leo. Bibi zao banasonga bukari. Simama, unanuka."

Nikasimama. Nilifikiri kila kitu imepotea. Lakini kila mwisho wa juma mama Kapinga alikuwa ananilazimisha kutuma kazi yote mahali pengine, mbali na ile mashine, na mi nilikuwa nanungunika. Alikuwa anasema mashine ni nyumba tu, na nyumba inaweza kubomoka. Kikundi ikafungua compte yake ku banki, tukakodi kipande kipya kwa jina ya kikundi. Nikatengeneza bafunguo mupya. Nikashusha ile kazi mu kipande kipya, amri kwa amri, ikaanza kupumua.

Bitu mbili tulibadilisha. Bafunguo biko kwa batu batatu, na mwenye compte ni kikundi, hapana PDG. Na sasa mashine inapiga simu kila mangaribi, hata kama bwana amepanda. Inasema, "Mama, amepanda." Isipolia, mama anatoka nyumbani. Tata Mukalay yule, mwenye mukono umefungwa, yuko hapa muzima sababu bibi yake hakusikia simu, akatoka kumutafuta.

Sauti ni ileile ya Ngoie. Tulimuuliza kama tubadilishe. Akasema hapana.

Namushukuru mama Kapinga, mwenye hakucheka. Nabashukuru bamama wa kwaya benye balimupikia dada yangu. Funzo yangu ni fupi: kitu yenye inalinda batu bote, musiiweke mu mufuko ya mutu mumoja, hata kama yeye njo anawalisha.

Na sasa, tata Gaspard. Usitoke. Fidèle, nawe baki. Mi sikuulizi tena ile mashine ilikuwa ya nani. Ilikuwa yako, sawa. Ulikuwa na haki ya kuizima. Lakini ulijua kila mangaribi bale bamama banasikiliza. Ulipita mu avenue yetu, uliona simu pembeni ya mbabula, uliwasalimia. Kwa nini hukuwaambia kama haitalia tena?

Ngoie yuko hapa, mu benchi ya mbele. Simama, tata. Usinijibu mimi. Umujibu yeye.