Mgonjwa Aitwaye Daktari

Mwaka 1974, ndani ya basi la Sikonge kwenda Tabora, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana, na katikati yao binti mwembamba. Mmoja alikuwa Bi Swaumu wa Mtendeni, ambaye hajawahi kusafiri akiwa kimya. Alishauliza safari ni ya wapi.

"Nampeleka binti yangu hospitali," alijibu mwenzake. "Tangu aingie darasa la saba kichwa hakiachi kumuuma, na chakula hakipiti. Mtihani nao ni mwezi ujao. Daktari, msalimie mama."

"Shikamoo," binti alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Daktari ndiyo jina lako?"

Binti alimtazama kwanza mama yake. "Batuli."

"Baba yake alimwita Daktari tangu ana miaka sita. Sasa kijiji chetu kizima cha ujamaa kinamwita hivyo, hata mwenyekiti mkutanoni. Wenzake wanalima shamba la kijiji, yeye tumemwachia vitabu tu. Tumemkosea nini?"

"Jembe, mwenzangu, hutuliwa jioni. Hilo jina analitua saa ngapi?"

"Jina si mzigo."

"Basi mwite Batuli mpaka mtihani upite."

"Ili aone tumemkatia tamaa?"



Basi liliposimama sokoni, mama alitangulia kushuka. "Daktari, twende!" Binti alibaki ameegemea dirisha. "Daktari!"

"Batuli," Bi Swaumu alisema taratibu, na binti akageuka papo hapo.

"Na masikio nayo," mama alimwambia kondakta. "Tutayapima hukohuko."