Bila Maji Sikati: Maisha ya Shangazi Kona

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Shangazi Kona, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha mwaka 1985 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea useremala. Siku ya kwanza mkufunzi alimwelekeza darasa la ushonaji. Alishukuru, akaenda kulichungulia, akarudi. "Nimeliona mwalimu, ni zuri. Sasa benchi langu liko wapi?"

Mwaka 1989 aliajiriwa katika karakana ya kaunta za jikoni za mawe, kukata nafasi za sinki na za majiko. Waliomwona kazini hawasahau. Alianza kwa kutoboa kona nne kwa keekee, akiziacha za mviringo, maana jiwe huanza kupasukia kwenye kona kali. Jina lake lilitoka hapo. Kisha aliunganisha matundu kwa msumeno wa umeme, chini akiwa ameegemeza mbao ili kipande kisidondoke na kung'oa ukingo. Mbele ya sinki hubaki jiwe jembamba, upana wa vidole vitatu, na hapo ndipo kazi ya siku nzima huharibika. Ulipofika mkato wa mwisho, wenzake waliweka zana chini wakasogea kutazama. Kipande kilitoka kizima, kaunta ikabaki nzima, naye akapuliza vumbi kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiona jambo hilo unajikuta umeshusha sauti bila kuambiwa.

Aliyekuja kuwa mume wake, fundi bomba, alifika kwa mteja mmoja kufunga sinki, akamkuta Shangazi akifuta kaunta. Likaingia mara moja, bila kusugua popote.

"Nani kakata hapa?"

"Mimi. Kuna kasoro?"

"Ipo. Nimekosa cha kulalamikia."

Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1994.

Kikohozi kilianza mwaka 2011. Daktari alimweleza kwamba mapafu yameharibiwa na vumbi la mawe, na hayatapona. Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake: vumbi lile lingezuilika kwa maji tu, yakitiririka juu ya msumeno. Karakana ilikuwa imekataa, eti maji yanachafua sakafu. Kesho yake asubuhi alizima mashine.

"Shangazi, wateja wanasubiri," bosi alisema.

"Bila maji sikati."

"Acha utani."

"Bosi, vumbi likija wewe unafunga dirisha la ofisi. Sisi tufunge nini? Pua?"

Mashine ya jirani ikazimwa, kisha iliyofuata, mpaka pakawa kimya kabisa. Alijua fika kwamba kwake yeye maji yamechelewa. Hata hivyo alisimama palepale hadi bosi alipokubali. Mumewe ndiye aliyelaza bomba.

Aliendelea kuwafundisha wenzake hadi kifua kilipomkatalia kusimama. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yake mkubwa, na wale mafundi wa karakana waliosimama pale nyuma, ambao wamembeba hadi hapa bila hata mmoja wao kukohoa. Mungu amlaze pema, kifua chake kikiwa chepesi.