Kongo Ni Huko Mbele

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja. Liko Kawangware, kwenye kona, katikati ya kibanda changu cha viatu na jiko la mandazi la Mumbua, na ukiuliza ni sehemu gani hasa ya Kawangware utagombanisha watu. Kuna sehemu inaitwa Kongo, sifa zake ni pombe ya busaa na mateke, na sijawahi kumsikia mtu akikubali kwamba anaishi huko. Muulize yeyote Kongo ni wapi, ataelekeza kidole mbali na mlango wake aseme, "Kongo? Kongo ni huko mbele." Nimeshona viatu kona hii miaka kumi na moja, tangu mwaka wa sitini na saba, na bado sijakutana na mtu wa huko mbele. Basi Jumatatu hiyo, saa tisa mchana, tulikuwa tumekaa kama kawaida, Mzee Rehani akitumiminia kahawa. Yeye hutoka mtaa wa Makina kwa miguu kila siku, birika mkono huu, ndoo ya vikombe mkono ule. Lakini utani haukuwepo. Nyamai, seremala aliyelitengeneza benchi lenyewe, alikuwa amekalia gunia, na ndani ya gunia kulikuwa na misumeno, patasi na nyundo zake zote. Alikuwa anahama.

Jumanne iliyopita karakana yake iliungua. Iko hapo nyuma ya kona, hatua sitini tu. Jiko la kuchemshia gundi lilipinduka, maranda yakashika, na kabla hujasema "uui" nusu ya mabati ilikuwa chini. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimeenda kununua ngozi. Watu walizima wenyewe kwa makarai na maji ya mtaro. Gari la zimamoto, ambalo sisi tunaliita faya, walilisikia tu. Kengele ililia saa nzima, mara upande wa Gatina, mtaa wa jirani, mara kule kwenye lami, mara inakaribia mpaka watoto wanapiga makofi, halafu inaenda zake. Haikufika.

Nyamai: Mkokoteni unakuja saa kumi. Mumbua, nifungie mandazi ya safari.

Mumbua: Safari ya wapi, na hapa ndiyo kwako?

Nyamai: Naenda mahali faya inafika.

Gerishon, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima, akaweka kikombe chini kando ya Mzee Mburu.

Gerishon: Wacha nikuambie kitu, Nyamai. Kuhama si dawa. Ile faya haikuwa na maji.

Mburu: Wewe umejuaje?

Gerishon: Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Faya ililia ama haikulia?

Mumbua: Ililia.

Gerishon: Ililia sana?

Mumbua: Sana, mpaka mbwa wakajibu.

Gerishon: Basi, imeisha hiyo. Ilikuwa tupu. Ingekuwa na maji ingekuja kimya.

Mzee Mburu akakunja uso. Huyu ana ploti nne za kupangisha hapa kwetu na huvaa koti la suti hata jua likiwaka la kukaanga mtu. Tunamwita Ploti, lakini si mbele yake.

Mburu: Maji ilikuwa. Shida ni ngazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa ile ngazi, na urefu ile yote, itainama vipi? Ile gari ilitengenezewa ghorofa. Dreva anaangalia juu, anatafuta moshi kwa dirisha ya orofa ya sita. Karakana ya mabati iko hapa chini kwa magoti. Hawezi kuiona hata akiikanyaga.

Nyamai: Kwa hivyo nijenge ghorofa ndio niungue vizuri?

Mburu: Si hivyo nasema. Nasema usikasirike.

Gerishon: Na ile mpira ya maji, je? Nimeambiwa na mtu aliwahi kuosha hiyo gari, kwa mikono yake. Mpira ikifunguliwa yote hairudi tena mahali pake. Lazima ianikwe mwezi mzima. Kwa hivyo wakiona moto ni kidogo wanaambiana, hii tusifungue, tungoje ikuwe kubwa.

Mumbua: Mimi nilisikia ni kofia.

Gerishon: Kofia gani?

Mumbua: Zile za shaba. Zikikaribia moto zinachemka na kichwa iko ndani. Ndiyo maana wanazunguka kwanza, moto ipoe.

Mimi: Hiyo ina maana.

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Siku hiyo nilikuwa nakubali kila nadharia. Nilikuwa nagonga soli iliyokwisha gongwa tangu asubuhi, na mtu angeniambia kwamba faya hula majani ningemuunga mkono.

Mzee Rehani: Ajabu. Kwetu Makina walikuja mara moja. Wakazima, wakaenda. Hawakuzunguka.

Gerishon: Hiyo ilikuwa faya ya zamani, mzee. Hii ya siku hizi ina kizunguzungu.

Nyamai akainua mkono. Yeye si msemaji. Akiinua mkono, hata Redio hunyamaza.

Nyamai: Nawauliza. Ile gari ya polisi, Mariamu, ikija kutafuta busaa, inafika hapa ama haifiki?

Mumbua: Inafika.

Nyamai: Na mvua ikinyesha?

Mumbua: Hata na matope. Juzi ilifika kabla busaa yenyewe iive.

Nyamai: Hiyo ni gari, na faya ni gari. Sasa mbona moja inajua njia na ingine haijui?

Mburu: Mariamu inafuata harufu.

Nyamai: Na moshi haina harufu?

Hapo kila mtu akainamia kikombe chake. Mzee Rehani, ambaye hana ubaya na mtu, akauliza swali bila kujua analolifungua.

Mzee Rehani: Lakini walipoitwa, waliambiwa waje wapi?

Gerishon: Eeh! Sasa hapo uliza mimi. Mimi ndiye nilipiga simu! Nilikimbia mpaka kibanda cha simu kule barabarani, kiatu moja ikabaki kwa matope, Soli ni shahidi, ameishona.

Soli ni mimi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Gerishon: Nikapiga tisa tisa tisa. Nikasema kwa nguvu, "Kongo inaungua! Tuma watu!"

Nyamai: Wakasema nini?

Gerishon: Mama mmoja akaniuliza, "Kongo ya wapi?" Nikamwambia, "Kwani kuna Kongo ngapi?" Akasema, "Bwana, hiyo ni nchi ya watu wengine. Pigia ubalozi."

Mzee Mburu alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Mumbua: Na wewe ukapigia ubalozi?

Gerishon: Nikapiga.

Mumbua: Wewe Gerishon!

Gerishon: Hawakushika. Walikuwa wameenda lanchi.

Mburu: Ngai! Mtu mzima! Sasa ndiyo muone umuhimu wa kupiga simu na akili. Mimi nilienda petroli stesheni, nikaomba simu kwa heshima, nikawaambia waende Gatina.

Nyamai: Gatina?

Mburu: Gatina.

Nyamai: Mzee, karakana yangu iko Gatina?

Mburu: Iko karibu na Gatina. Ukitembea.

Nyamai: Si ungesema Kongo ya Kawangware, iishe?

Mburu: Nyamai, kijana wangu, fikiria. Niko na wapangaji. Nikitamka Kongo kwa simu, mbele ya watu wa petroli, kesho wapangaji wanasikia wanaishi Kongo. Nani atalala Kongo na anajua? Ukweli ukizidi huwa fitina, wahenga walisema.

Gerishon: Hawakusema hivyo.

Mburu: Walikuwa karibu kusema.

Mumbua: Kwa hivyo faya ikaenda Gatina.

Mburu: Ilienda mahali pazuri!

Mumbua: Wanaume nyinyi! Aki mngeniachia mimi. Mimi sikusema Kongo, sikusema Gatina. Nilipiga kwa simu ya duka nikawaelekeza vizuri kama mtu na mtoto wake. Nikawaambia, "Mkitoka kwa lami, njooni mpaka pale kwa mti mkubwa, mkate kushoto."

Mimi: Mti gani, Mumbua?

Mumbua: Si ule mti.

Mimi: Ule mti ulikatwa mwaka juzi.

Mumbua: Na kwani bado hatusemi "pale kwa mti"? Kila mtu anajua pale kwa mti!

Nyamai: Ule mti nilikata mimi.

Mumbua: Unaona? Hata Nyamai anaujua.

Nyamai: Na ndio mmekalia.

Tukaangalia chini sote kwa pamoja. Benchi likalia kidogo juu ya tofali lake.

Nyamai hakucheka. Aliongea polepole, akiangalia vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na malengelenge.

Nyamai: Niliwasikia wakija. Kengele ilikuwa hapo, hapo karibu. Nikasema, asante Mungu, wamefika. Nikaacha kumwaga maji. Nikaanza kuondoa mbao kwa njia ndio gari ipite. Kabati ya harusi ya mteja wangu Wangoi ilikuwa bado haijashika. Ningeitoa. Nikaiacha nikafagia njia.

Mumbua akaanza kupangusa macho kwa kanga, akasema ni moshi wa jiko. Mimi nilijiona mchawi. Niligonga soli, nikajigonga kidole, na sikulia.

Wakati huo ndipo akatokea mtu mgeni, mrefu, sare ya buluu, vifungo vya shaba, matope mpaka magotini. Alikuwa na daftari kubwa kwapani na penseli sikioni.

Mgeni: Hamjambo wazee? Naitwa Murunga. Natoka zimamoto. Mkubwa amenituma niandike hii mahali kwa kitabu yetu, ndio gari isipotee tena. Jumanne mimi ndiye nilikuwa nagonga kengele.

Gerishon akaruka kama aliyekalia nyuki.

Gerishon: Tuambie ukweli! Mlikuwa na maji?

Murunga: Galoni mia nne.

Mburu: Na ngazi?

Murunga: Ngazi ya nini? Tuliambiwa ni karakana.

Mumbua: Na kofia inachemka?

Murunga: Mama, kofia ni ya kuvaa tu.

Nadharia zetu zote zikafa hapo, kwa maneno machache. Murunga akaanza kutuangalia mmoja mmoja, akafika kwangu, akasimama. Niliinamisha kichwa ndani ya kiatu, lakini kiatu kilikuwa cha mtoto.

Murunga: Mzee, si ni wewe? Ile siku, kwa lami. Ulikuwa umebeba ngozi begani.

Benchi zima likanigeukia.

Murunga: Tulikuwa tumetoka Gatina, tumetafuta mti tumechoka. Halafu tukaambiwa kwa redio ya gari kwamba kuna mtu mmoja alikuwa ametaja Kongo, na yaweza kuwa ni ya Kawangware. Tukasimama, nikakuuliza Kongo ni wapi.

Nyamai: Soli, ukasema nini?

Ningedanganya, lakini mdomo wangu ulikuwa mtupu, hata misumari ninayobana kazini haikuwemo.

Mimi: Nilimwambia... nilimwambia ni huko mbele.

Nyamai: Soli!

Mimi: Sikujua, Nyamai! Haki ya Mungu sikujua ni sisi. Nilidhani wanaoungua ni watu wa Kongo.

Nilitamani wanitukane. Mumbua alitazama sufuria, Mzee Mburu akafunga kifungo cha koti, akakifungua.

Murunga: Tulienda huko mbele, mzee. Na leo nimeenda tena kwa miguu, tangu asubuhi. Kila mtu ananiambia Kongo ni huko mbele, huko mbele, mpaka nikafika mtoni. Wale wa mtoni nao wakaniambia Kongo ni huko nilikotoka.

Akafungua daftari. Ukurasa ulikuwa mweupe. Akachomoa penseli sikioni, akailamba ncha, akatuangalia kwa upole wa mtu aliyechoka.

Murunga: Sasa nisaidieni, wazee wangu. Huko mbele ni wapi?

Mzee Mburu alianza kuinua kidole, akakiangalia mwenyewe, akakirudisha mfukoni. Mzee Rehani aliinamisha birika juu ya kikombe changu, likatoa tone moja na mashapo. Kahawa ilikuwa imeisha.

Ni Nyamai aliyeinuka. Alienda nyuma ya kona, akarudi na ubao, upande mmoja mzima, upande wa pili makaa.

Nyamai: Soli, lete chaki yako.

Nikampa chaki ninayochorea soli. Akaandika KONGO, herufi kubwa, zimenyooka, kazi ya fundi. Akauegemeza kwenye nguzo ya kibanda changu mimi, akatafuta kitu mfukoni, hakukipata. Akaliangalia gunia. Kisha akapiga goti, akafungua kamba, akatoa nyundo.

Mzee Mburu akasogea, sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu aliye kanisani.

Mburu: Nyamai, mwanangu. Si uisogeze huko mbele kidogo tu?

Nyamai akapigilia msumari wa kwanza. Nilimshikia ubao. Mzee Rehani, ambaye haishi hata hapa, alishika upande wa pili. Murunga akaandika kwenye daftari lake, akasoma kwa sauti, akaandika tena, akaaga na kwenda.

Msumari wa tatu ulikuwa bado haujaingia wote wakati mkokoteni ulipofika, magurudumu yakilia. Mwenye mkokoteni akajipangusa jasho.

Mwenye mkokoteni: Habari za hapa? Ni hapa kwa fundi anayehama?

Nyamai hakugeuka. Alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa, akaelekeza kwa nyundo, mbali na mlango wake.

Nyamai: Hapana. Huyo ni huko mbele.