Mzee Upondo na Njia ya Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, na mwenye haraka aikalie kidogo. Leo nina mtu wa kumzungumzia, na nikimzungumzia ovyo atanifuata ndotoni kunisahihisha. Kwa kusahihisha watu hakuwa na mfano.

Jumapili tulimzika Mzee Upondo, mpima kina wa bandari yetu. Kwa wasiojua, mpima kina ndiye anayejua maji yanakwenda chini kiasi gani, ili nahodha ajue kama meli itapita au itakwama. Kazi yenyewe ndiyo hiyo tu. Aliifanya miaka thelathini na mmoja, na saba ya mwisho bila kutumwa na mtu.

Jina alilipata kwa ule mti wake mrefu, upondo, aliouchora vipimo kwa rangi nyekundu na nyeupe. Kila asubuhi alishuka na mashua yake, akapima mahali kumi na tisa, kuanzia gatini hadi boya la mwisho. Boya likivaa magugu, aliyavua. Likihama, alilirudisha. Mto unaoingia ziwani kwetu huleta tope kila siku, na tope halina likizo.

Saa kumi na mbili na robo, simu ya studio inalia. Ni yeye. Anatoa vipimo, mimi nasoma hewani, manahodha wanasikia. Siku moja nikasema, "Kina ni kama mita tatu." Weee! Simu ililia kabla sijameza mate. "Mwanangu, kama ndiyo nini? Majini hakuna kama. Sema mita tatu, au nyamaza uwapigie watu muziki!" Nilicheka, lakini sikurudia.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa. Kwa meli ni saa tano. Kwa barabara unalizunguka ziwa siku mbili, na mgongo unakudai wiki nzima. Kila mwisho wa mwezi binti alikuja na meli. Mke wa mzee, ambaye ni fundi cherehani, ananiambia: "Siku hiyo humpati nyumbani. Anakwenda gatini asubuhi, na meli inafika alasiri! Namwambia, baba wee, meli haiongezi mwendo kwa kukodolewa macho."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo pagumu. Mwenyewe alitaka lisemwe, kwa hiyo nalisema.

Miaka saba iliyopita meli ile ilipanda mwamba mlangoni mwa bandari, karibu na boya la tatu. Ikapasuka chini. Abiria walitolewa kwa mashua, wote salama. Narudia, wote salama. Wakuu wakatafuta sababu, hawakuiona. Ikabidi lawama zimwangukie nahodha.

Mzee Upondo akarudi nyumbani, akaulaza upondo wake uani, akaupima kwa tepu ya mkewe. Ulikuwa mfupi. Ulikuwa mfupi kwa shubiri moja, kule chini.

Na unajua ulipunguzwa na nini? Na uangalifu wake mwenyewe. Kila alipopima aligonga chini mara mbili, asikie kama ni tope au mwamba. Gonga, gonga. Mahali kumi na tisa, kila siku, miaka nenda miaka rudi. Mti ukalika polepole. Alama zikabaki zilezile, chini pakapungua, upondo ukataja maji mengi kuliko yaliyokuwepo. Ofisi ilishampa upondo mpya, wenye kiatu cha chuma kule chini ili usilike. Akauegemeza ukutani, kwa sababu ule wa zamani aliachiwa na aliyemfundisha kazi. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Mkewe anakumbuka: "Nilimwambia, tuukate kuni, yaishe. Akanitazama kama mgeni. Akasema, na nahodha je, abebe mzigo wangu?" Asubuhi akauchukua begani, akapita nao katikati ya watu, akaulaza mezani kwa mkuu wa bandari. "Kosa ni langu," akasema. "Nahodha mwacheni."

Basi akaondolewa kwenye upimaji, akapelekwa stoo kutunza kamba na rangi. Meli ilipotengenezwa, wenyewe wakaipeleka bandari nyingine. Na bandari isiyo na meli, nani atahangaika kuichimba? Tope likajaa. Yule binti wa kila mwezi, kwa miaka saba, alikuja mara tatu. Mara tatu, jamani! Siku moja mzee aliniambia kwenye simu, sauti imeshuka: "Mwanangu, watu wanasema njia imezibwa na tope. Njia ya binti yangu nimeiziba mimi. Namtamani mpaka chakula hakishuki."

Na bado alipima. Kabla ya stoo kufunguliwa aliingia majini na ule upondo wa kiatu cha chuma, na kila Jumatatu aliuhakiki kwa tepu ya mkewe. Bado alinipigia saa kumi na mbili na robo. Wakubwa wangu walishaviondoa vipimo hewani, naye alijua. "Andika na wewe," aliniambia. "Mmoja akikosea, wa pili yupo." Nikaandika. Ndivyo tulivyokuwa, watu wawili wanaopima maji yasiyo na meli.

Mwaka huu, hatimaye, mashine ya kuchimba tope ikaja. Mhandisi wake ni dada kijana mwenye vyombo vya kisasa. Vyombo vilimwonyesha tope lilivyo leo. Mzee akamletea madaftari saba, tope lilivyokuwa likitembea kila mwezi. Mhandisi ananieleza: "Nilitaka kuinyoosha njia pale boya la tatu. Akaniambia, mama, chini ya tope hilo kuna jiwe, nalijua kuliko meno yangu. Tukaipinda njia." Walichimba siku arobaini. Meli ya kwanza ikatangazwa kuwa itakuja Jumamosi. Binti akakata tiketi.

Mzee Upondo alifariki Jumatano asubuhi, kitini, amevaa kiatu kimoja, anatafuta cha pili kwa mguu.

Siku tatu, wasikilizaji wapendwa. Zilibaki siku tatu. Mimi siwafichi, nimekasirika. Mtu angoje miaka saba, halafu anyimwe siku tatu?

Binti alipopigiwa simu alifunga mzigo akimbilie basi, afike Ijumaa. Mama yake akamkataza. Maneno yake haya hapa, nimeyaandika: "Usipande basi. Njoo kwa njia aliyokuchimbia baba yako. Tutakungoja. Yeye amengoja kuliko sisi."

Nao wakamngoja. Jana nilimuuliza binti safari ilikuwaje. Akasema: "Tulipolikaribia boya la tatu nilishika reli kwa mikono miwili. Nikafumba macho. Nikangoja meli ikwaruze. Nikangoja, nikangoja. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu anamwambia mwenzake, haya funga mizigo, tumefika. Kumbe tulishapita. Watu wote wale, hakuna aliyejua kwamba pale pana kitu. Ndipo nilipolia."

Mama yetu mjane, pole. Binti, wewe na watoto wako, poleni sana. Wafanyakazi wa bandari, poleni, na viatu alivyowaachia ni vikubwa. Mola ampokee mzee wetu kwa wema.

Nanyi mnaonisikiliza, leo msizime redio mkasahau. Kosa unalolijua peke yako, mtu mwingine anakubebea mpaka lini? Na kama una mzazi anayekungoja, njia ni nzima na miguu unayo, unangoja tangazo gani? Nenda leo. Mwenzio alimkosa baba kwa siku tatu tu.