Kadi ya Kwenda na Kadi ya Kurudi

Benchi lile Cheche alilichomelea mwenyewe kwa mabaki ya mabomba, na si mnamjua fundi akijifanyia kazi yake: mguu mmoja ulitoka mfupi, na hadi leo hajaurekebisha. Limekaa baina ya karakana yake ya milango ya chuma na saluni ya Waziri kinyozi. Upande wa karakana unarukiwa na cheche, upande wa saluni unapigiwa miziki kutoka kwenye kompyuta moja kuukuu iliyojaa vumbi la nywele, kwa hiyo wenye kijiwe hujibana katikati, mbele ya jiko la Bi Birika muuza kahawa. Waziri hajawahi kuwa waziri wa chochote. Alipewa jina hilo kwa tabia yake ya kujibu swali ambalo hakuulizwa. Wa tatu wao ni Spana, fundi wa magari, mtu ambaye kila kitu duniani kwake ni injini, hata ndoa. Alasiri hiyo walikutana kwa ajili ya kompyuta anayotaka kuiunda Cheche, kama walivyokutana jana yake, na juzi, na tangu mvua zilizopita.

— Leo hatuondoki hapa bila jibu, alisema Cheche. Yule wa duka la kompyuta ameniwekea kadi ya picha mpaka jioni. Nisipotokea, anampa mwingine.

— Kadi ya picha ndiyo nini tena? aliuliza Bi Birika huku akimimina. Jana si mlisema prosesa?

— Prosesa ni ubongo, alidakia Waziri. Kadi ya picha ni macho. Sasa wewe Bi Birika, mtu mwenye ubongo bila macho atacheza gemu gani?

— Usimdanganye dada wa watu, alisema Spana. Kadi ya picha ndiyo injini. Prosesa ni dereva tu. Dereva hata awe hodari vipi, ukimpa injini ya pikipiki akokote lori, mtalala njiani.

— Na ramu? aliuliza Cheche.

— Ramu ni tangi la mafuta.

— Ramu ni kumbukumbu, bwana!

— Kumbukumbu ya nini? Kompyuta yenyewe haijazaliwa, imkumbuke nani?

Wakacheka. Cheche naye alicheka. Hakuwa mtu wa gemu huyu. Mtu mzima na kitambi chake, hata karata hajui kuchanganya. Ila alikuwa na binti, mmoja tu, na binti huyo aliondoka na mama yake, aliyepata kazi ng'ambo, akiwa ndiyo kwanza anafikia kitasa. Sasa wanasema amempita mama yake kimo. Zamani alishinda na baba yake hapo karakanani, na kazi alijipa mwenyewe: kila mlango uliokamilika yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, mpaka aseme, "Huu umepita, Baba." Mteja asubiri. Mlango usiopita kwa binti haukutoka.

Siku hizi wana simu. Shikamoo Baba. Marahaba mama, hujambo? Sijambo. Umekula? Nimekula. Shule? Nzuri. Haya Baba. Haya mama. Hapo Cheche hubaki ameishika simu ikiwa kimya, na moyo unamuuma hasa, kwa sababu mtoto si kwamba amekasirika wala hampendi. Ni kwamba hawana cha kufanya pamoja. Ndipo siku moja, katikati ya hizo haya-haya, binti akasema, "Baba, tafuta kompyuta, tuwe tunacheza gemu wote." Basi. Huenda alisema tu. Lakini Cheche aliidaka kauli hiyo kwa mikono miwili, akakimbia nayo kijiweni, na kijiwe kikaibeba.

— Kasha umeshamaliza? aliuliza Spana.

— Nimelimaliza jana.

— Hebu tulione.

Cheche aliingia ndani akalitoa kwa kulisukuma na goti. Lilikuwa la bati nene, limepigwa rangi ya kijani, lina bawaba tatu na komeo.

— Mungu wangu, alisema Bi Birika. Hilo la kompyuta au la kufungia simba?

— Kompyuta ni kitu cha thamani, alijitetea Cheche.

— Na komeo la nini?

— Sasa mlango bila komeo ni mlango?

Waziri alilizunguka kasha mara moja, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride.

— Tatizo lake ni moja. Hewa. Kompyuta ya gemu inachemka hiyo, we unaiona hivyo! Nina mteja, nilikuwa namchonga ndevu, akaniambia yake ilichemka mpaka ikaanza kujichezea yenyewe.

— Kujichezea vipi?

— Yeye amelala, yenyewe inacheza. Anaamka asubuhi anakuta imeshinda.

— Huyo ulimkata ndevu au ulimkata akili? alisema Bi Birika.

— Sasa hewa si jambo gumu, alisema Spana. Nina feni ya rejeta ya lori, nzima kabisa. Tunatoboa hapa, tunaifunga hapa.

— Feni ya lori itapeperusha hata meza.

— Ndiyo maana kasha limekuwa zito. Fundi aliona mbali!

— Hapana, alisema Waziri. Dawa ni friji. Unachukua friji bovu lakini linalopooza, unatoboa tundu la waya, kompyuta inakaa ndani kwenye ubaridi wake. Mimi nashangaa viwandani hawajafikiria.

— Na maziwa niweke wapi? aliuliza Cheche.

— Maziwa chini, kompyuta juu. Havigombani.

Cheche aliangalia jua. Lilikuwa limeshafika kwenye paa la saluni.

— Jamani, nirudisheni kwenye kadi. Muuzaji anasema kuna ndogo na kuna kubwa. Niende na ipi?

Hapo Waziri alikaa, akaweka kikombe chini, akapunguza sauti. Akipunguza sauti ujue yanakuja makubwa.

— Sikiliza, kaka. Binti yuko wapi? Ng'ambo. Sawa? Picha ikitoka kwake ije kwako inapita wapi? Chini ya bahari. Kuna waya kule chini, usinibishie. Sasa maji yote yale juu yake, chumvi, giza, samaki. Picha inafika huku imechoka. Ukiwa na kadi dhaifu, haiwezi kuipokea. Utamwona mtoto wako amekuwa ukungu.

Neno "ukungu" halikumpendeza Cheche hata kidogo.

— Kwa hiyo kubwa.

— Kubwa haitoshi, alisema Spana, ambaye hapendi kupitwa. Fikiri kama barabara. Picha zake zinakuja, zako zinakwenda. Zikikutana katikati kwenye njia moja si ajali hiyo? Zinatakiwa kadi mbili. Kadi ya kwenda na kadi ya kurudi.

— Kadi mbili!

— Na betri ya lori chini yake, umeme ukikatika usimwache mtoto katikati ya bahari.

— Spana, alisema Bi Birika, siku moja utafungwa.

Lakini Cheche hakucheka. Alikuwa anapiga picha kichwani: kadi mbili, feni ya lori, kasha la kijani, na upande wa pili wa yote hayo, binti yake, akiwa wazi bila ukungu. Kama wangemwambia kompyuta inahitaji paa lake mwenyewe angeanza kukata bati jioni hiyo hiyo.

Wakati huo alitokea mama mmoja muuguzi, bado ana viatu vyake vyeupe vya kazini. Alikuwa amefuata dirisha lake la chuma aliloagiza.

— Hodi hapa.

— Karibu mama, karibu, alisema Cheche. Rangi ya mwisho inakauka. Kaa kidogo, unywe kahawa.

Muuguzi alikaa upande wa mguu mfupi, benchi likainama, wote wakasogea wakainama naye kama ilivyo desturi. Alilitazama kasha.

— Hili ni la nini? La kuku?

— La kompyuta! walijibu wote watatu, na kwa kuwa alikuwa msikilizaji mpya walimwaga yote kwa pamoja: ubongo na macho, injini na dereva, friji, samaki, kadi ya kwenda na ya kurudi. Muuguzi alisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea wagonjwa wanaoongea kwa mpigo. Mwisho akamgeukia Cheche.

— Ni ya kucheza na binti yako aliye mbali.

— Ndiyo, mama.

— Vizuri sana. Anacheza gemu gani?

Waziri alikohoa. Spana aliangalia kucha zake, ambazo hazina cha kuangalia zaidi ya grisi. Muziki wa saluni ulikuwa umeisha na hakuna aliyekwenda kubadilisha.

— Ya magari, alisema Spana hatimaye. Watoto wote wanapenda ya magari.

— Ya mpira, alisema Waziri. Sasa hivi wasichana ndio wanaocheza mpira.

— Nimemuuliza baba yake, alisema muuguzi, bila ubaya.

Cheche alitafuta kichwani, na alichokipata ni binti mdogo anayening'inia kwenye kitasa. Mvua nzima na kiangazi chake wamejadili macho na ubongo wa mashine, na si yeye wala kijiwe kilichokumbuka kumuuliza mtoto. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi: kumbe hamjui. Mtoto wake mwenyewe, hajui anapenda nini.

— Sijui, alisema.

— Basi si umpigie, alisema Bi Birika kwa upole, tena akamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Labda yuko shule.

— Kule si ameshatoka? alisema Waziri. Piga, bwana. Tutanyamaza.

Na kweli wakanyamaza, jambo ambalo benchi lile halijawahi kulishuhudia. Cheche alipiga kwa simu yake yenye kelele, ambayo benchi zima huisikia. Iliita, ikaita, akataka kukata.

— Shikamoo Baba.

— Marahaba mama. Hujambo?

— Sijambo. Kuna nini? Leo si siku yako ya kupiga.

— Hakuna kitu. Nilitaka kukuuliza. Ile gemu... uliyosema tucheze. Ni gemu gani?

— Nilidhani umesahau, Baba.

— Nisahau vipi? Sijasahau hata siku moja. Nilikuwa natafuta kadi.

— Kadi gani?

— Ya picha. Kubwa. Ili nikuone vizuri.

— Jamani, Baba! Binti aliangua kicheko, na kicheko kilikuwa kile kile, ukiondoa sauti iliyokua. Haihitaji kadi kubwa. Ni gemu ya kujenga tu. Tofali, mbao, unapanga. Inacheza hata kwenye kompyuta mbovu kabisa.

Waziri alisimama polepole. Alitazama mlango wa saluni yake, mahali ilipo ile kompyuta ya miziki yenye vumbi la nywele, siku zote hizo, hatua chache kutoka benchi. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

— Na wewe umejenga nini? aliuliza Cheche.

— Nyumba. Ina jiko, ina chumba cha mama, chumba changu. Na chako. Chako nilikijenga siku nyingi, siku ile ile niliyokuambia.

— Changu mimi?

— Chako. Nimeweka kitanda, na dirisha. Mlango tu ndio sijaweka.

— Kwa nini hukuweka?

— Nitaweka mlango mimi, na wewe upo?

Cheche aligeuza uso upande wa karakana, kwenye milango iliyoegemezwa ukutani ikisubiri wenyewe. Machozi yalimtoka waziwazi na hakuyafuta. Muuguzi alishika kikombe chake kwa mikono miwili akainamisha macho. Spana alivuta pua kwa nguvu, akasingizia moshi wa mkaa.

— Baba? Upo?

— Nipo, mama. Nipo hapa.

Waziri alikuwa ameshaingia saluni. Walimsikia akipuliza vumbi kwenye kibodi na kumfukuza mteja aliyekuwa amenyolewa nusu ahamie kiti kingine. Cheche alimfuata, simu sikioni, akalipita kasha lake la kijani bila kulitazama. Mlangoni alisimama. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, kama unavyoingia kila siku ya kazi, ukatoka na futi ya kupimia.

— Haya, niambie vizuri, alisema. Hapo ulipoacha uwazi, upana wake ukoje?