Pembetatu ya Mwalimu Mstaafu

Ndani ya treni, mkunga aliyetoka zamu alitega sikio. Mbele yake mwalimu mstaafu wa hesabu alimwambia binti aliyeketi naye, mwalimu pia, "Kompyuta zenu zitafikiri badala ya watoto, mwanangu, wao wabaki mabwege."

"Kompyuta haijui kitu, mzee wangu." Binti akamsogezea yake. "Hebu iamuru ichore pembetatu ya pande sawa."

Mzee akaandika kwa kidole kimoja: nenda mbele, geuka digrii sitini, mara tatu. Likatokea umbo wazi kama bakuli. Mkunga alijizuia kucheka, maana mzee alinyong'onyea.

"Miaka arobaini nimefundisha kuwa pembe yake ya ndani ni sitini." Kisha akageuza bega taratibu, kama mtu anayekata kona. "Kumbe anayetembea hugeuka kwa pembe ya nje. Ni mia na ishirini."

Akaandika upya, na pembetatu ikajifunga.

Treni iliposimama, binti alinyoosha mkono apewe kompyuta yake. Mzee akaikumbatia. "Subiri kidogo, mwanangu. Na duara je?"