Mzee Rufinus na Ngao Iliyowahi Mno

Baada ya miaka thelathini na mmoja, Mzee Rufinus Jimanipits anastaafu tarehe 30 Juni kazi ya kutunza ngao katika jumba letu la makumbusho hapa Asmat.

Alianza kwa kufagia. Wiki hiyohiyo akaanza kusalimia ngao, maana kwetu kila ngao huchongwa kwa jina la marehemu, na yeye anawajua wote. Wakurugenzi saba wamepita, kila mmoja akibandika namba mpya. Mzee alizipangusa vumbi namba zote kwa heshima, kisha akaendelea: "Bifak, umeamkaje?"

Mimi niliyeolewa wiki tatu zilizopita siwezi kuacha kumtaja mkewe, Mama Kornelia. Kila adhuhuri humletea sago ya kuchoma, mkate wetu wa unga wa mti, na kila adhuhuri Mzee humtazama kana kwamba amemposa jana. Mume wangu, hapa soma mara mbili!

Sasa zawadi. Mkurugenzi wetu wa nane, mtu mwema aliyefika Machi na tayari ameandika mwongozo wa mila zetu wenye kurasa sitini, aliagiza kwa siri ngao ya kumuaga. Fundi, aliye kijiji cha mbali, alipopelekewa jina alidhani kuna msiba, akachonga huku analia. Jumatatu ikafunuliwa mbele yetu: nyekundu, nyeupe, nyeusi, popo wawili wa kuchongwa, na kibao: RUFINUS.

"Nimekufa lini, mwanangu?" Mzee akauliza kwa upole.

"Basi mimi mjane," akasema Mama Kornelia. "Nionyesheni matope nikajigaragaze kama wajane wetu!"

Mkurugenzi alicheka, peke yake. Mzee akiipokea ngao ile, tayari amehesabiwa pamoja na waliotangulia. Akiikataa, amemwaibisha fundi na machozi yake.

Mzee akabandua kibao, akaweka kiganja kwenye mti wa ngao. Kaka yake Amatus alizama mtoni miaka kumi na minane iliyopita, na hakuwa amechongewa ngao hadi siku hiyo.

"Amatus, pole kwa kungoja," akasema. "Ofisi ilichelewa."

Mama Kornelia akalia, akacheka, akamshika mkono mbele yetu sote. Nami nikalia, bila kuombwa.

Mkurugenzi ameagiza kibao kihifadhiwe kwa matumizi ya baadaye. Agizo limepokelewa. Mama Kornelia amekitia motoni, akachomea sago.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kusalimia. Nenda nyumbani ukale sago ikiwa moto, karibu na aliyeichoma. Tunakuombea jina lako likae midomoni mwetu muda mrefu, mrefu sana, kabla ya kufika kwenye mti.